Seti ya mabegi matatu ya Kariakoo mbele ya mzani wa kilo 23

Mzani wa kaunta ya uwanja wa ndege ulisoma kilo 29.4 kwa begi kubwa na kilo 16.2 kwa begi la kati. Jumla yake ni kilo 45.6, na tiketi yangu iliruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, yaani kilo 46, hivyo nilisimama pale nikiwa na hakika kwamba nimebakiza hata gramu mia nne. Kijana wa kaunta alimwamkia mama yangu kwanza, kisha akanigeukia akasema, "Dada, hili kubwa limezidi. Hatujumlishi, kila begi linapimwa kivyake." Ilibidi tulilaze sakafuni, tulifungue mbele ya foleni, tupanue zipu ya begi la kati na kuhamishia humo pakiti tatu za mchele za kilo mbili mbili na chupa ya achari ya embe, huku mama amesimama kando akitazama nguo zake na dawa zake za presha zikiwa wazi machoni pa watu asiowajua. Hakusema neno. Mimi niliumia sana kwa ajili yake, na tangu siku ile nilianza kuyapima mabegi yale kwa futi ya fundi cherehani, kuyapima uzito yakiwa matupu, na kuandika kila namba kwenye daftari. Tathmini hii imetoka katika daftari hilo, baada ya safari nne: ya Birmingham anakoishi dada yangu, ya Umra, ya Nairobi kwa siku tatu, na ya Mafia kwa ndege ndogo.

Seti yenyewe niliinunua Kariakoo, katika mojawapo ya maduka ambayo mabegi hupangwa hadi nje ya mlango, dogo likiwa limewekwa ndani ya la kati na la kati ndani ya kubwa, kiasi kwamba unaponunua unadhani umechukua begi moja. Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 260,000. Tulipatana kwa 210,000. Muuzaji aliyaita inchi 20, inchi 24 na inchi 28. Ni ya plastiki ngumu ya ABS, yana magurudumu manne yanayozunguka pande zote, mpini wa kuvuta, kufuli ya namba tatu ubavuni, na zipu ya ziada ya kupanulia katika lile la kati na lile kubwa. Chapa yake sitaitaja, kwa sababu mabegi ya aina hii hutoka katika viwanda vinavyofanana na kubandikwa majina tofauti, na nitakayoyasema yanahusu karibu kila seti ya bei hiyo utakayoikuta sokoni.

Jambo la kwanza ambalo futi ilinifundisha ni kwamba inchi za muuzaji hupima mwili wa begi tu, bila magurudumu na bila kishikio cha juu. Inchi 28 ni sentimita 71, lakini begi langu likisimama sakafuni lina kimo cha sentimita 76, upana wa 51 na unene wa 31. Mashirika mengi ya ndege hujumlisha vipimo hivyo vitatu, magurudumu na vishikio vikiwamo, na jumla inayokubalika kwa begi la kuingia tumboni mwa ndege kwa kawaida ni sentimita 158. Sasa jumlisha: 76 na 51 na 31 ni 158 kamili. Begi linakubalika bila kuwa na hata sentimita moja ya ziada, na ukifungua ile zipu ya kupanulia, ambayo huongeza unene kwa sentimita 5, tayari una begi la sentimita 163 ambalo shirika lina haki ya kulitoza ada ya mzigo mkubwa hata kama uzito wake ni sahihi. Ni kweli kwamba wahudumu hawapimi kwa futi kila mara, lakini sioni sababu ya mtu kulipia begi ambalo usalama wake unategemea mhudumu kutotoa futi. Yale ya inchi 32 yanayouzwa pembeni kwa nyongeza ndogo ya bei ningewashauri wasafiri wa ndege wayaache kabisa, maana mengi yake huvuka 158 hata kabla ya kupanuliwa.

Namba hizi, 23 na 32 na 158, huonekana kama zimeokotwa tu, lakini zina asili yake. Kilo 23 ni ratili 50 zilizogeuzwa, kilo 32 ni ratili 70, na sentimita 158 ni inchi 62. Ile 32 ndiyo ya kuheshimu kuliko zote, kwa sababu inahusu mgongo wa mtu: mabegi mengi bado hunyanyuliwa kwa mikono na vijana wanaopakia ndege, wakiwa wameinama ndani ya tumbo la ndege, na viwanja vingi havikubali begi moja lizidi kilo 32 hata ukiwa tayari kulipa. Hapo hakuna ada, utaambiwa uligawe.

Kuhusu uzito, kuna taratibu mbili, nami nilizichanganya. Utaratibu wa kwanza huhesabu mabegi, na kwenye tiketi huandikwa 1PC au 2PC, maana yake begi moja au mawili, kila moja likiwa na kikomo chake, ambacho kwa daraja la kawaida huwa kilo 23. Utaratibu wa pili huhesabu uzito wa jumla, na kwenye tiketi utaona 20K, 25K, 30K au 30KG. Hapo unaweza kugawa kilo zako katika mabegi kadiri upendavyo, mradi hakuna linalozidi 32. Begi langu la 29.4 na jingine la 16.2 yangekuwa na matatizo katika taratibu zote mbili, lakini kwa sababu tofauti: katika ule wa kwanza, moja limezidi, katika ule wa pili wenye kilo 30, jumla imezidi. Msomaji asiye na muda wa kusoma kurasa za masharti na aitafute herufi hiyo moja kwenye tiketi, P au K, kabla ya kuanza kupanga nguo. Na anayeunganisha ndege kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ajue kwamba kila tiketi ina masharti yake. Begi lililoondoka Dar es Salaam likiwa halali linaweza kuwa limezidi kwa kilo tatu katika kaunta ya pili, wakati huo ukiwa huna ndugu wa kumrudishia mchele.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mtu angeniambia nikiwa bado dukani. Mnunuzi wa begi hutazama nafasi, ilhali shirika la ndege linahesabu uzito, na vitu hivi viwili haviongezeki kwa mwendo mmoja. Nililijaza begi la kati kwa nguo za kawaida zilizokunjwa na kubanwa vizuri, bila chakula wala viatu, nikalipima, kisha nikagawanya kwa ujazo wake. Nilipata karibu gramu 280 kwa kila lita. Begi la kati lina ujazo wa lita 64 hivi na uzito wake likiwa tupu ni kilo 3.4, likijaa nguo linafika kilo 21.3, yaani ndani ya kikomo, na bado una kilo moja na nusu hivi ya kuongeza jozi ya viatu. Begi kubwa lina lita 98 na uzito mtupu wa kilo 4.5, likijaa nguo hizohizo linakaribia kilo 32. Kwa maneno mengine, begi la inchi 28 haliwezi kujazwa na msafiri wa kilo 23. Akilijaza amezidi, na asipolijaza analipia, kwa uzito wa ganda, nafasi ambayo hawezi kuitumia. Tofauti ya ganda moja na jingine ni kilo 1.1, na kwangu mimi hizo ni zaidi ya doti mbili za khanga ambazo dada angezipokea kwa furaha.

Hayo ni kwa nguo peke yake. Wengi wetu hatusafiri na nguo peke yake. Ukitangaza safari ya Ulaya au Marekani, kabla ya wiki kwisha kila shangazi na kila jirani amekuja na mfuko wake: mchele wa Kyela, unga wa muhogo, korosho za Mtwara, viungo vya Zanzibar, kitabu cha mtu, dawa ya mtu. Mchele una uzito wa gramu 800 hivi kwa lita, karibu mara tatu ya nguo, na unga nao huzidi nguo kwa mbali. Kona moja tu ya begi kubwa, ukubwa wa sufuria ya kati, hubeba kilo tano bila macho kushtuka, na hivyo ndivyo nilivyofika 29.4 huku begi likionekana lina nafasi ya kutosha. Begi la kati linakuonya mapema kwa sababu linajaa. Hilo ndilo ninalolipenda: unaposikia zipu inakataa, unajua umekaribia, na unaweza kumwambia shangazi kwa heshima zote kwamba nafasi imekwisha, ukawa umesema kweli.

Begi kubwa lina kazi yake, na sitaki kulidhulumu. Anayebeba vitu vyepesi vyenye umbo kubwa, kama nepi za mtoto, makoti ya baridi, mito au nywele za kusuka, atamaliza nafasi kabla ya kumaliza kilo, na huyo anastahili inchi 28. Vivyo hivyo abiria wa daraja la biashara ambaye mashirika mengi humruhusu kilo 32 kwa kila begi. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou au Dubai nao wana hesabu yao: huenda na begi dogo ndani ya kubwa, wakarudi na mawili yaliyojaa. Lakini mama anayekwenda kumwona binti yake, au mwanafunzi anayeanza chuo, mabegi mawili ya kati ya kilo 23 kila moja yatambebea vyote alivyoruhusiwa, kwa ganda jepesi zaidi, na ataweza kuyanyanyua mwenyewe kuyapandisha kwenye treni au ngazi.

Lile dogo la inchi 20 limenisikitisha kuliko yote matatu, kwa sababu ndilo lililosifiwa zaidi dukani. "Hili unaingia nalo ndani ya ndege moja kwa moja," aliniambia muuzaji. Kimo chake pamoja na magurudumu ni sentimita 56, upana 37, unene 23, na uzito wake mtupu ni kilo 2.5. Ninapoandika, British Airways hukubali mzigo wa mkononi wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25, wenye uzito hadi kilo 23, na hapo begi hili halina shida. Lakini mashirika yanayowabeba wengi wetu kutoka Afrika Mashariki ni makali zaidi: Emirates, Qatar Airways na Ethiopian Airlines wote wana kikomo cha kilo 7 kwa abiria wa daraja la kawaida, Emirates na Ethiopian wakiweka kimo cha sentimita 55 na Qatar sentimita 50. KLM huruhusu kilo 12, lakini hapo wamejumlisha na mkoba wako mdogo. Kutofautiana huku kumewahi kujaribiwa kutatuliwa. Mwezi Juni 2015 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilipendekeza kipimo kimoja cha sentimita 55 kwa 35 kwa 20, lakini malalamiko ya wasafiri, hasa wa Amerika Kaskazini, yalikuwa makali na mpango ukasitishwa katika wiki hizohizo.

Kwa kilo 7, ganda la kilo 2.5 limekwisha kula zaidi ya theluthi. Zinabaki kilo 4.5. Toa kompyuta na chaja yake, toa Kurani na kitabu kimoja, toa dawa na chupa za mafuta, na nguo ya kubadilisha ikiwa begi kubwa litachelewa, umemaliza. Katika safari ya Umra niliacha begi dogo nyumbani nikachukua mkoba wa mgongoni wa kitambaa wenye gramu 800, nikapata karibu kilo mbili zaidi za vitu halisi, na hakuna aliyeninyooshea kidole mlangoni, kwa kuwa mkoba laini hubonyea ukaingia kwenye kile kisanduku cha chuma cha kupimia, ilhali ganda gumu la sentimita 56 haliwezi kujikunja liwe 55. Anayetaka kurudi na maji ya Zamzam ajue pia kwamba hayaruhusiwi kufichwa ndani ya begi linalopakiwa. Hubebwa katika boksi lake maalumu la lita 5 linalouzwa uwanjani, na mashirika mengi huliruhusu juu ya kilo zako za kawaida, ila ni vyema kuuliza kabla ya kuondoka.

Neno moja kuhusu betri. Betri za akiba za simu, zile tunazoziita pawabenki, haziruhusiwi katika begi la tumboni. Zinakaa nawe, na kikomo cha kawaida ni saa-wati 100 (Wh, kipimo cha nishati inayobebwa na betri), ambacho pawabenki ya mAh 20,000 haifiki kwani yenyewe ina kama 74. Mhudumu akikwambia mlangoni kwamba nafasi ya juu imejaa na begi lako la mkononi linashushwa chini, itoe kwanza. Na begi lenye betri yake la kuchajia simu linunue tu ikiwa betri hiyo inachomoka; tangu Januari 2018 mashirika makubwa hayayakubali yenye betri isiyotoka.

Tuje kwenye uimara. ABS ni plastiki ngumu na ya bei nafuu, lakini haipendi kupinda. Njia niliyoijifunza ya kuipima dukani ni kulifungua begi, kuweka kiganja katikati ya ganda na kulisukuma kwa nguvu ya kawaida. Ganda la polikaboneti, plastiki nyingine inayonyumbulika, hubonyea likarudi kama halikuguswa; ganda jembamba la ABS hubonyea kwa ugumu, na ukilitazama kwenye kona baada ya pigo utaona mstari mweupe kama wa chaki, ambao ndio mwanzo wa ufa. Begi langu kubwa lilirudi kutoka Birmingham na mistari hiyo katika kona mbili, na baada ya Umra moja ya mistari ikawa ufa wa urefu wa kidole. Ninaamini nililichangia mwenyewe kwa kulisafirisha likiwa nusu tupu, kwa sababu ganda lisilo na kitu cha kuliegemeza kutoka ndani hubonyezwa zaidi na mabegi yanayolalia juu yake. Begi la kati, ambalo daima limejaa, halina ufa hadi leo. Kwa fedha zaidi ningechukua polikaboneti, na kwa fedha zilezile ningechukua begi la kitambaa kigumu cha nailoni, ambalo halina urembo huo lakini lina mifuko ya nje na halivunjiki.

Zipu za seti hii ni za meno ya plastiki yaliyosokotwa. Zinakimbia vizuri, lakini ni haki msomaji ajue kwamba zipu ya namna hii hupasuliwa kwa ncha ya kalamu na kufungwa tena kwa kuivuta tu, hata kufuli ikiwa haijaguswa. Kufuli ina alama ya TSA, yaani ile ambayo wakaguzi wa viwanja vya Marekani wana ufunguo wake wa jumla; picha za funguo hizo zilivuja mwaka 2015, na kwa safari isiyofika Marekani alama hiyo haikuongezei kitu. Dhahabu, fedha taslimu, vyeti na dawa zikae mkononi.

Magurudumu ndiyo sehemu iliyoharibika kwanza. Manne yanayozunguka ni starehe kubwa juu ya sakafu ya uwanja wa ndege, ambako mama aliweza kulisukuma begi la kati kwa mkono mmoja bila kuinama. Nje ya hapo ni habari nyingine. Juu ya mchanga wa mtaani kwetu, kwenye vipande vya lami iliyobomoka kuelekea kituo cha daladala, magurudumu hayo madogo huzama na kugeuka kila upande, na kwa kuwa yamejitokeza nje ya mwili wa begi ndiyo yanayopokea kila kishindo. Begi la magurudumu mawili yaliyoingizwa ndani ya mwili huvutwa kwa kuinamishwa na hupita pabaya zaidi. Huo ni umbo ambalo Robert Plath, rubani wa Northwest Airlines, alilibuni mwaka 1987, miaka 15 baada ya Bernard Sadow kupata hataza ya begi la magurudumu lililovutwa kwa kamba. Kwa barabara zetu, bado naliona ndilo bora.

Gurudumu la begi kubwa lilitoka katika ndege ya kurudi kutoka Birmingham, pamoja na kipande cha ganda kilicholishika. Jina la shirika nalihifadhi, kwa kuwa walinisikiliza vizuri, ila nieleze hatua zenyewe kwa manufaa ya wengine. Nililiona begi likija kwenye mkanda likiwa limeinama upande, na kabla ya kutoka nje nilikwenda dawati la mizigo, nikaandikiwa karatasi ya taarifa na kupiga picha. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, malalamiko ya begi lililoharibika yanapaswa kuandikwa ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Anayetoka uwanjani akisema atashughulikia kesho huwa amejipunguzia nguvu ya dai lake. Mashirika mengi hukataa kulipia mikwaruzo na uchakavu, na mengine huliweka gurudumu katika fungu hilohilo. Langu lilihesabiwa kuwa uharibifu kwa sababu ganda lenyewe lilivunjika. Fedha niliyopata haikununua begi jipya, lakini ilimlipa fundi. Na hapa seti hii ina sifa yake njema: magurudumu yamefungwa kwa skrubu chini ya kitambaa cha ndani, si kwa ribiti, kwa hiyo fundi wa mabegi aliyafikia kwa kufungua zipu ya kitambaa, akaweka bati dogo mahali palipovunjika, akafunga gurudumu jingine kwa shilingi 8,000. Kabla ya kununua, fungua zipu hiyo ya ndani utazame.

Safari ya Mafia ilinionyesha kwamba kuna mahali ambapo hakuna hata moja kati ya mabegi haya linalofaa. Ndege ndogo kama Cessna Caravan, zinazokwenda Mafia, mbuga za Serengeti na viwanja vingine vidogo, kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu, mzigo wa mkononi ukiwa ndani ya kilo hizo, na huomba mifuko laini kwa sababu mizigo husukumwa katika sehemu nyembamba chini ya tumbo la ndege. Ganda gumu halikunjiki likafuata nafasi iliyopo. Nilitumia mfuko wa turubai wa mikono miwili, wenye kilo moja, na nilikuwa na nafasi ya kutosha kwa siku tano.

Kifaa ambacho ningekipa alama zote si begi bali ni mzani mdogo wa mkononi, wa kuning'iniza, nilioununua kwa shilingi 15,000. Unapitisha mkanda wake kwenye kishikio, unanyanyua kwa mikono miwili, unasubiri namba itulie, ukisikia mlio unasoma. Niliujaribu kwa katoni ya maji yenye chupa sita za lita moja na nusu, ambayo maji yake pekee ni kilo 9, ulisoma 9.2, na hizo gramu mia mbili ni chupa zenyewe na nailoni yake, hivyo nikauamini. Kosa lake ni kwamba mkono ukitetemeka namba hucheza, na kwa begi la kilo 20 na kitu mtu mzima anahitaji msaidizi au fimbo ya kupitisha juu ya mabega ya watu wawili. Asiye nao anaweza kusimama juu ya mzani wa bafuni akiwa na begi, kisha bila begi, akatoa. Au aombe kwa muuza nafaka wa mtaani, ambaye mzani wake una alama ya Wakala wa Vipimo. Kwa njia yoyote, ishia kilo 22 nyumbani. Mizani haikubaliani kwa gramu, na mwavuli au kitabu huingia begini dakika ya mwisho.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya seti hii ni kwamba nililipia mabegi matatu na nilihitaji moja, mara mbili. La kati ni zuri kwa bei yake, na kama ningekuwa nanunua leo ningemwambia muuzaji anivunjie seti aniuzie mawili ya inchi 24, hata kama atanitoza zaidi kwa kila moja. Kubwa limehamia juu ya kabati likitunza mablanketi. Dogo analo mpwa wangu anayesoma bweni, ambaye husafiri kwa basi.

Mama anakwenda tena Birmingham mwezi wa nane. Juzi alinikuta nimetandaza vitu vyake kitandani, akachukua ule mzani mwenyewe, akanyanyua begi upande mmoja na mimi upande wa pili, ukasoma 21.6. Akaniambia nilifunge, na kwamba mchele wa jirani aupeleke mtu mwingine.